Kipa Mmoja, Watoto Wawili

Wanaume wa soko la vitu vya zamani la Marolles, huku Ubelgiji, walidhani nimetumwa na mume. Mwanamke wa Lubumbashi amechuchumaa mbele ya kasha la kadibodi Jumapili asubuhi, anapekua picha za timu za mpira za Katanga za enzi ya mkoloni: lazima kuna mwanaume nyumbani anayezingoja. Niliwaacha wadhani hivyo. Mume sina, na mpira wenyewe siwezi kuutazama hata kipindi kimoja bila kusinzia.

Nilikusanya kila kitu: picha, vibendera vya timu, tiketi za uwanjani, beji zilizoota kutu. Vitu hivi huingia sokoni pale Mbelgiji mzee aliyewahi kuishi Kongo anapofariki na watoto wake wakaita watu wa kuondoa vyombo. Wauzaji humwaga yote juu ya mawe, vijiko na misalaba, na picha za baba zetu chini kabisa. Mimi nilikuwa natafuta sura moja tu. Papa, baba yangu, alikuwa kipa. Albamu ya mama ililowa mvua paa letu lilipoezuliwa na upepo, picha zikagandana, na tulipojaribu kuzibandua sura zilitoka zote. Nilikuja Ulaya bila picha ya baba yangu, na kadiri miaka ilivyokwenda nilianza kumsahau hata alivyokuwa anacheka.

Rafiki yangu nilimpata hapohapo sokoni. Tulishika picha moja kwa pamoja, mimi upande huu na yeye upande ule, na muuzaji akatucheka. Alikuwa mtu wa Likasi, amenizidi umri kidogo, mpole wa maneno, basi nikamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, naye akaniita dada. Alizijua timu. Angeona mistari ya fulana akakutajia mji na uwanja. Jumapili ambazo sikuwa na zamu hospitalini Jette tulizunguka soko pamoja, kisha tukaja kwangu Koekelberg kula bukari, ugali wa kwetu.

Nikipika, nilimsimulia Papa. Alivyokuwa akirudi na matope akaoga uani ili mama asigombe. Alivyovunjwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto na mpira, kikapona kikiwa kimepinda, akawa anakitumia kutukwangulia ukoko wa bukari chunguni. Yaya hakuchoka kusikiliza. Aliuliza tena na tena, kidole kilipinda upande gani, mama aligomba vipi. Nilidhani ni upendo wa ndugu.

Picha tuliipata siku moja ya baridi kali, ndani ya bunda lililofungwa kwa utepe wa mpira. Wachezaji safu mbili, na mbele yao kipa amepiga goti, amevaa sweta nzito, mkono wa kushoto umelala juu ya mpira na kidole kile kimepinda vilevile. Nilikaa chini kwenye mawe nikalia mbele za watu. Yaya naye alilia. Aliniwekea mkono begani akasema, "Dada, papa yako ni papa yangu."

Nikamjibu ndiyo. Kwetu ndivyo inavyosemwa. Baba wa rafiki ni baba, na ukimwita vinginevyo ni kama umemkana rafiki mwenyewe. Nilifurahi hata, kwamba Papa amepata mtoto mwingine huku ugenini.

Baadaye aliniomba ile picha. Kulikuwa na maonyesho ya mpira wa zamani wa Kongo yanaandaliwa katika ukumbi mmoja nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, na walitaka kuikuza. Nilimpa nikiwa nimeifunga kwenye kitambaa. Aliirudisha bila mkwaruzo, hilo siwezi kumsingizia.

Siku ya ufunguzi nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja, na viatu vya kazi mguuni. Papa alikuwa ukutani, mkubwa kunizidi. Chini yake waliandika kwa Kifaransa: *Mon père, gardien de but*. Baba yangu, golikipa. Halafu jina la yaya. Nilisoma tena taratibu, nikitafuta jina langu hata kwa herufi ndogo. Halikuwepo. Nyuma yangu nikamsikia yaya akimsimulia mama mmoja wa Kibelgiji habari za ukoko, amekunja kidole chake kidogo ili aelewe vizuri, na yule mama anacheka kwa furaha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki changu nilikuwa nakipikia bukari kila Jumapili.

Nilimvuta pembeni, penye makoti. Nikamuuliza ameandika nini pale ukutani. Hakuona haya hata kidogo.

"Bon, dada, si tulisemezana? Papa yako ni papa yangu. Sikudanganya muntu."

"Mu Kiswahili," nikamwambia. "Mu Français ulinifuta."

Akanieleza kwamba waandaaji walitaka historia za familia, na mkusanyaji wa kawaida asingepewa ukuta. Kisha akashusha sauti akasema baba yake aliondoka kabla hajamjua, kwa hiyo yeye hana baba wa kumweka popote. Nilimhurumia, nakiri. Halafu nikakasirika zaidi, maana wa kwangu nilikuwa naye mmoja tu, na nimemtafuta miaka mingi kwenye vumbi.

Kabla sijamwambia hivyo, akatufikia maman mmoja mzee wa kwetu, kitenge kimechungulia chini ya koti zito. Alisema alipokuwa msichana alikuwa akienda uwanjani na kaka zake, na kipa yule walikuwa wakimwimbia. Akamshika yaya mikono yote miwili.

"Mwana yangu, papa yako tulimupenda sana. Alikufaka na nini?"

Hilo sikuwahi kumsimulia. Ndilo jambo pekee la Papa ambalo sikuwa nimelitoa mdomoni tangu nije Ulaya. Yaya akanitazama, anangoja nimpakulie na hili. Ningeweza kunyamaza aumbuke. Nilitaka sana kunyamaza. Lakini aliyeulizwa habari zake alikuwa Papa, na sikutaka akose wa kumjibia.

"Ni sukari, maman," nikasema. "Walimukataka muguu kwanza. Kisha akakatala kula."

Maman akafumba macho. Akaikaza mikono ya yaya ndani ya mikono yake. "Pole, mwana yangu. Pole sana."

Naye akaipokea. Aliinamisha kichwa na kupokea pole ya baba yangu, machozi yakimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli.

Nikamshika maman mkono wa koti. "Maman, ile ni papa yangu. Papa yangu miye."

Alinigeukia, akanitazama kwa huruma, akanipigapiga mgongoni.

"Njo vile, mama," akaniitikia. "Alikuwa papa yetu siye bote."