Mkwe Wangu Aliruka Dirisha Nilipoingia Darasani

"Mama Maurine, umemfanya nini mtoto wa watu mpaka akaruka dirisha?"

"Sijamfanya chochote! Nimeingia darasani tu!"

"Watu hawaingiangi darasani hivyo!"

"Wanaingiaje, Baba Maurine? Kwa magoti?"

Binti yetu Maurine alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Atanikimbia na mimi. Harusi imeisha, mama. Imeisha!"

Wacha nieleze mwenyewe, maana mtaa mzima wa Lurambi umeshaeleza kwa njia yake.

Mimi ni mpishi. Diploma yangu nilichukua chuo cha Sigalagala, na Kiingereza cha kuandika nakiweza. Lakini niambie nifungue mdomo nikiseme, maneno yanagongana kama sufuria ndani ya gunia.

Kwa miaka kumi na minne nimesonga obusuma, ugali wetu, kwa wanafunzi mia sita, kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Mgongo umekataa.

Nikasikia nyumba ya wageni karibu na msitu inatafuta mpishi mkuu. Mahojiano ni kwa Kiingereza, baada ya wiki mbili. Niliitaka kazi ile. Basi.

Nikajiandikisha masomo ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Tangazo lilisema mwalimu anaitwa Clifford.

Mchumba wa Maurine sisi tunamwita Masinde. Kumbe ni Clifford Masinde! Ningejuaje? Kwetu mama na mkwe wake hawatazamani, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja. Alipoleta posa na wajomba zake niliangalia chini. Nilichokijua kwake ni viatu: vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika.

Siku ya kwanza ya masomo nilichelewa. Nikaingia, mwalimu anaandika ubaoni. Nikaona viatu kwanza.

Akageuka.

Ukumbi ule una mlango mmoja. Mlangoni nimesimama mimi, mwili wote huu.

Chaki ikaanguka. Kijana akapita dirishani, vitabu, tai na kila kitu.

Ndiyo sababu ya kelele zile nyumbani.

"Achana na hayo masomo," mume wangu Patroba akasema. "Kazi ziko nyingi."

"Zitaje."

Akachukua kofia yake, akatoka. Nikamgeukia binti yangu.

"Maurine, futa machozi. Mpigie simu. Mwambie aje kesho saa kumi, akae nje, nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi nitakuwa ndani. Hanioni, simwoni. Wewe utasimama mlangoni."

"Nifanye nini mlangoni?"

"Upeleke maneno."

"Mama, mimi ni posta?"

"Kwa wiki mbili, ndiyo."

Akaja. Lakini kijana mwenyewe ana adabu mpaka inachosha. Hata nyuma ya ukuta hakuthubutu kuniambia neno moja kwa moja. Kila kitu ni kupitia kwa Maurine.

"Tell her to put the pot on the fire."

Maurine ananiambia. Mimi naweka sufuria motoni, halafu naujibu ukuta: "Tell him I have put it on the fire."

"Ask her what she did with the salt."

"Tell him I gave it to you!"

Maurine akiwa na chumvi mkononi, anapiga miayo.

Siku ya tatu ukuta ukaeleza jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuniingizia kichwani. "Mwambie mama hivi. Kwa Kiswahili tunasema 'nimempelekea', neno moja limewabeba watu wote mgongoni. Kiingereza hakibebi mtu. Kinawashusha wote watembee kwa foleni. Kitendo mbele, kitu kinafuata, halafu mwenye kukipokea."

Nikatazama sahani mkononi mwangu. Si ndivyo kazi ya jikoni inavyokwenda? Inatoka mkononi, inafika kwa mtu. Bring it to him. Take it from her. Put it in front of them.

Kuanzia hapo sikukariri tena. Nilipika tu, mdomo ukafuata mikono.

Siku ya mahojiano ikafika. Tulikuwa wawili, mimi na bwana mmoja, Lazarus, aliyevaa suti. Ndani tulimkuta kijana anaitwa Erastus, mezani ana karatasi na simu.

"Mwenye nyumba atawauliza kwa simu," akasema.

Lazarus akaanza. Wueh! Anatazama simu, anamtazama Erastus, anatazama dari, anatafuta uso wa kumsaidia. Jasho likamtoka hadi kwenye kola.

Zamu yangu ikafika. Nikageuza kiti, nikaupa ukuta uso.

"Mama, uko sawa?" Erastus akauliza.

"Niko sawa kabisa. Hivi ndivyo nilivyofundishwa."

Sauti ya mama mmoja ikatoka kwenye simu. Mgeni amerudisha samaki, hajamgusa. Utafanya nini?

"I take it from him. I ask him about it. I cook another one and I bring it to him myself."

Simu ikauliza: "Who taught you?"

"My daughter's husband-to-be. But I have never looked at him."

Simu ikacheka. Halafu nikasikia kicheko kilekile upande wa pili wa ukuta niliokuwa nautazama!

"Mulembe, mama," simu ikanisalimu. "Mimi naitwa Navalayo. Niko chumba hiki cha pili tangu asubuhi. Huyo Erastus ameoa binti yangu. Unadhani napenda kufanya mahojiano kwa simu?"

Erastus akainamisha kichwa, anacheka na viatu vyake.

"Ana barua ya kazi hapo. Tell him to give it to you."

Nikamgeukia. "She says give it to me."

Akanipa, kwa mikono miwili.

Nilichojifunza ni hiki: mila ikikufungia mlango, usivunje mlango. Tafuta dirisha. Mkwe wangu alilijua hilo siku ya kwanza.

Nilipofika nyumbani, viatu vya kahawia vilikuwa vinaonekana chini ya ukuta wa mabati wa jiko, upande wa nje. Kijana ameshakuja kufundisha.

Mila haitaki nimtazame. Haikusema nisimpikie.

Nikaenda moja kwa moja kumkamata jogoo.

"Huyo ni wa harusi!" Patroba akapiga kelele.

"Wa harusi utanunua mwingine. Leta kisu."

Saa moja baadaye ingokho ilikuwa kwenye bakuli, firigisi juu kabisa, heshima ya mkwe.

"Maurine! Take it to him. Put it in front of him. And don't touch it on the way!"

Kijiko kikagonga bakuli.

"Tell her it is correct," ukuta ukajibu, mdomo umejaa.