Picha ya Mpaka Nyuma ya Kaburi

Kwa miaka ishirini Mackrine wa Bweranyange alitunga mashairi kwenye madaftari. Mwaka huu alianza kuyatengenezea kitabu katika duka la Joanitha la kuchapisha, pale Nkwenda. Kila shairi lilipangwa kwenye kompyuta juu ya picha aliyoipiga mwenyewe kwa simu. La mwisho lilikuwa la marehemu mumewe, juu ya picha ya mwaka jana ya kaburi lake kwenye kibanja chao cha migomba.

Shemeji yake Projest alisikia, akaja dukani.

"Futa picha hiyo. Jembe limekushinda, sasa unauza kaburi la ndugu yangu?"

"Watu husalimiana, shemeji."

"Nimsalimie mwizi wa ardhi yetu?"

Mackrine alimwomba Joanitha aikuze picha. Nyuma ya kaburi ilionekana safu ya mulamula, miti ya mpaka kati ya kibanja chake na cha Projest, ambayo Projest aliing'oa mwezi uliopita, akaapa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba haikuwahi kuwepo.

Projest alinyoosha mkono kwenye nyaya za kompyuta. Joanitha akamsukuma.

"Picha ijaze ukurasa mzima," Mackrine alisema. "Shairi lihamishie nyuma. Nakala ya kwanza nampelekea mwenyekiti."