Cheti Changu Kooni mwa Shangazi

Famakolojia nilifeli mara mbili. Mara ya kwanza nilifeli kama watu wote wanavyofeli. Mara ya pili nilifeli mpaka msimamizi wa mtihani akanipa pole kabla karatasi haijasahihishwa. Chuo chetu cha jioni kilikuwa na sheria kwamba mtu akishindwa mara ya tatu anarudi alikotoka, na mimi nilikotoka ni ofisi ya serikali, nikiwa mhudumu wa kubeba mafaili. Kuna faili moja naapa nililipandisha ghorofani na kulishusha mara mia nne bila mtu kulifungua. Nilitaka kukaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nimevaa koti jeupe, watu wananiita daktari na mimi nakataa kwa unyenyekevu. Bila somo hilo hakuna cheti, na bila cheti hakuna koti.

Somo lenyewe halikuwa na huruma. Kwa kila dawa unadaiwa mambo matatu: inatibu nini, inafanyaje kazi mwilini, na maudhi yake ni yapi. Na dawa zilikuwa nyingi kama mbu wa bwawa la Mtera. Sisi wa jioni tunafika darasani tumeshatumika mchana kutwa, kwa hiyo tuligundua njia ya mkato. Ukiulizwa maudhi ya dawa yoyote, andika kichefuchefu, kuumwa kichwa na kizunguzungu. Kwa dawa nyingi unapatia, na pale unapokosea hakuna mgonjwa wa kukubishia, maana kizunguzungu kila mtu anacho. Mara ya pili niliyaandika yale matatu kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa majibu yako, Dodoma nzima inatapika."

Mwalimu huyo alikuwa mfamasia, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Kwa mtihani wa vitendo, mara yangu hii ya tatu, alitupangia utaratibu ambao sijausikia kwingine. Kila mmoja wetu aliokota karatasi yenye jina la dawa. Tulitakiwa tukaifundishe dawa hiyo kwa mtu wa nyumbani asiyejua lolote, kisha tumlete darasani. Atakayeulizwa maswali ni yeye. Mwanafunzi anakaa benchi la nyuma, mdomo kaufunga, anasubiri kujua kama kafaulu.

"Mgonjwa akiondoka dirishani kwako hajui alichopewa," alituambia, "wewe hukutoa dawa. Umegawa peremende."

Mimi niliokota enalaprili, dawa ya presha. Na mtu wa nyumbani nilikuwa naye mmoja tu, shangazi yangu.

Shangazi ni mtu wa Kondoa. Alishuka mjini miaka mingi iliyopita na mapipa yake ya mafuta ya alizeti, akapanga nyumba Makole, na mimi nikaja kuishi kwake nilipopata kazi. Mdomo wake ungeweza kumuuzia mafuta mwenye shamba la alizeti. Lakini tangu mvua za mwanzo alikuwa na kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kama mtu anaparuza sufuria iliyoungua. Alikwenda kupimwa kifua, wakakikuta salama. Basi mimi, msomi wa nyumba, nikalichukua jukumu. Nilimpa asali na limau, nikampa tangawizi, nikampa dawa za kikohozi chupa kwa chupa mpaka majirani wakawa wanakuja kutuomba chupa tupu za kuwekea mafuta ya taa. Kikohozi kikasimama pale pale. Nikatoa hukumu kwamba ni vumbi. Hapa kwetu kila kikohozi kinahukumiwa kwa vumbi, kwa sababu vumbi halina wakili.

Nilimfundisha wiki mbili, yeye anachuja mafuta, mimi nasoma daftari.

"Enalaprili inazuia kimeng'enya kinachobadilisha..." nilianza.

"Baba," alisema. Mimi ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. "Hicho ulichosema ni tusi au ni dawa?"

"Ni kitu mwilini, shangazi. Kama mfanyakazi hivi."

"Basi sema mfanyakazi. Anafanya nini?"

"Anatengeneza kitu kinachokaza mishipa ya damu. Na pia anaondoa kitu kingine kinachowasha koo."

"Kazi mbili, mshahara mmoja?"

"Mmoja."

"Endelea, nimeshamwelewa."

Akaelewa kweli. Alinisimulia, nikamsahihisha, akanisahihisha. Katikati anakohoa, namkimbilia na kijiko cha dawa, anakunywa, tunaendelea. Mtu mwenye akili timamu angeona jambo pale. Sisi tulikuwa wawili na hatukuona.

Siku ya mtihani darasa lilijaa ndugu kama msiba. Mwenzetu mmoja wa wizarani alimleta dereva wake, na kila swali dereva alijibu, "Ni kama bosi alivyoeleza." Bosi alikuwa benchi la nyuma anatazama dari.

Ikafika zamu yetu. Shangazi alikaa mbele, kikapu mapajani, mwalimu akasimama kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Kaa tu, usisimame kwa ajili yangu."

Mwalimu akakaa. Hapo mtihani ulibadilika mwenyewe. Aliuliza dawa aliyofundishwa ni ya nini, shangazi akajibu ni ya presha, na wengine hupewa kwa ajili ya moyo uliochoka. Akaulizwa inafanyaje kazi.

"Mwilini kuna kibarua mmoja mwenye kazi mbili," shangazi alisema. "Kazi ya kwanza anatengeneza kitu cha kukaza mabomba ya damu. Mabomba yakikazwa, presha inapanda. Kazi ya pili anafagia uwanja, anazoa takataka zinazowasha koo. Sasa dawa ikiingia inamsimamisha kazi. Mabomba yanalegea, presha inashuka, alhamdulillah. Lakini nikuulize wewe, uwanja nani anafagia?"

"Hakuna," mwalimu alijibu, na nadhani alisahau nani mtahini.

"Ndiyo hapo. Takataka zinarundikana, koo linawasha, mtu anakohoa." Akakohoa. "Kikohozi kikavu, hakina makohozi, na asali haikiwezi." Akakohoa tena, mwalimu akampa maji. "Asante. Na midomo au uso ukivimba, ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Na mjamzito asiiguse."

Darasa lilipiga makofi. Mimi nyuma nilishavaa koti jeupe, nilishafungua duka, nilikuwa nafikiria rangi ya kibao.

Mwalimu hakupiga makofi. Aliuliza kwa sauti ile ya upole, "Mama, hicho kikohozi chako una muda gani nacho?"

"Tangu mvua za mwanzo."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Za kikohozi ananipa huyu. Na kidonge changu kimoja cha asubuhi, cha presha, nilianzishiwa kliniki kabla kidogo ya mvua."

"Kinaitwaje?"

"Changu hakina jina. Ni kile cheupe kidogo."

Akatoa bahasha kwenye kikapu, kwa sababu shangazi hutembea na mali zake zote. Mwalimu akaisogeza karibu na taa, akahangaika na mwandiko, kisha akaisoma kwa sauti. Dereva wa wizarani alikuwa wa kwanza kucheka.

Shangazi aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kwa hiyo mwanafunzi wangu," mwalimu alisema, "umekaa wiki mbili unamfundisha mama dawa anayoimeza, akikukoholea maudhi yake usoni, na wewe unayatibu kwa chupa."

Nilikumbuka sheria ya kufunga mdomo, nikaifuata kwa moyo wote.

"Mama amefaulu," akaendelea. "Wewe bado sijui nikufanye nini."

"Mwalimu, usimkate alama zote," shangazi akaingilia, kwa sauti yake ya sokoni. "Amenifundisha vizuri, macho tu ndiyo hayakuwepo. Mfikirie kama mteja wa kudumu."

Walivutana pale, mimi nikiwa ndiyo bidhaa. Mwishowe mwalimu akatoa bei yake. Kidonge shangazi asikiache mwenyewe. Kesho asubuhi nimpeleke kliniki, nieleze nilichokiona, wao ndio waamue. Kisha yeye mwalimu atampigia simu kila Ijumaa. Siku atakayozungumza naye mpaka mwisho bila kukohoa ndipo ataniandikia alama.

"Cheti chako kiko kooni mwa shangazi yako," alisema. "Kikitoka huko, njoo uchukue."

Tulirudi nyumbani. Karibu na mlango akasema, "Mimi nilidhani ni uzee. Kwenye darsa la akina mama msikitini nilishahamia kule mlangoni, nisiwaharibie wenzangu. Nikajisemea, basi, uzee umeanzia kifuani." Nilichukua chupa zote za kikohozi nikazitoa kabatini. Kabati likapumua.

Kliniki, daktari na muuguzi walitusikiliza, wakampima shangazi presha, wakambadilishia dawa. Tulipokaa kusubiri dawa, shangazi alikuwa ameshaieleza foleni nzima alichoambiwa na daktari: hii mpya haimsimamishi kibarua, inaziba tu tundu la ufunguo ili kile kitu chake cha kukaza mabomba kisiingie, kwa hiyo uwanja unaendelea kufagiliwa. Mzee mmoja akamuuliza yeye ni daktari wa wapi. Hakukana.

Kikohozi hakikuondoka siku hiyo, wala wiki hiyo. Mwalimu alishatuonya kwamba takataka zilizorundikana hazizolewi kwa siku moja. Ijumaa ya kwanza simu ilipigwa, shangazi akafika kwenye "Marahaba" tu, akakohoa. Ya pili alifika kwenye hali ya hewa. Nyumbani nikawa naishi kwa masikio. Sufuria ikilia nashtuka. Na yeye akaigundua bei ya koo lake.

"Baba, naona kama kinakuja," anasema.

"Shangazi, tafadhali."

"Sijui ni kwa sababu sijapata chai."

Nachemsha chai. Kesho yake ni mapipa hayajaoshwa. Keshokutwa miguu inahitaji kukandwa, na mimi nakanda huku nikiuliza kama koo liko salama. Nadhani mwezi ule nilifanya kazi nyingi kuliko wizara tatu zikiunganishwa.

Ijumaa ya nne simu ikaita saa kumi na moja jioni. Nilikaa mbele yake na bilauri ya maji mkononi. Shangazi alianza na salamu, akapita kwenye watoto wa mwalimu mmoja mmoja, akaingia kwenye mavuno ya alizeti, akapanda milima yote ya Kondoa, akasimulia ng'ombe wa babu yake aliyekataa kuuzwa. Dakika za mwalimu zikaisha, akapiga tena. Shangazi akamwendeleza ng'ombe pale alipomwachia. Hakukohoa hata mara moja.

"Mama, inatosha," nilisikia mwalimu akisema. "Mpe mwanafunzi wangu simu, nimwambie amefaulu."

Nilinyoosha mkono. Shangazi akaukwepa.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alimwambia mwalimu. "Alama zangu mimi ni ngapi?"

Akasikiliza. Akatabasamu, akaitikia, akasikiliza tena, kisha akaniuliza, simu ikiwa bado sikioni mwake, kama nataka nitajiwe alama zangu sasa hivi au baada ya kuosha vyombo.