Ya Mlangoni Itoshe

Sijawahi kuyapenda magari ya zamani. Nimelelewa Dodoma, katika nyumba iliyokuwa na gari la zamani kwa sababu jipya halikuwezekana, na asubuhi nyingi tulilisukuma kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo nilipohamia Kenmore, pembeni mwa Buffalo huku Marekani, na kukuta watu wazima wanamaliza jioni nzima za kiangazi kwenye viti vya kukunja, nyuma ya magari yaliyofunuliwa boneti, wakisubiri mpita njia asimame na kuuliza habari za injini, nilidhani kuna mtu anawalipa.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Mzee wa Kimarekani, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefiwa na mkewe kabla mimi sijahamia mtaa ule. Gari lake lilikuwa la milango miwili, rangi ya buluu iliyopauka, bampa za kromu, na refu kiasi kwamba mlango wa gereji haukufungika likiwamo ndani. Ujanani alilishusha chini, akabadilisha rimu na kufunga usukani mdogo wa mbao. Wale wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani walilipita wakitikisa vichwa.

Kwenye mlango wa dereva, chini ya kitasa, palikuwa na ua jekundu lililochorwa kwa mkono. Petali tano, moja kubwa kuliko nyingine. Mkewe alilichora kiangazi cha kwanza cha ndoa yao, akamwambia ni zawadi. Siku moja mnunuzi wa magari ya aina ile alimshauri aliondoe lile ua, gari lipate thamani. Mzee akamwambia akaangalie magari mengine. Alinisimulia hayo tukiwa uani, kila mtu upande wake wa uzio, na ndicho kitu cha kwanza kuhusu gari lile nilichokielewa.

Tatizo lilikuwa chumvi. Buffalo humwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi, na ijapokuwa mzee hakuliendesha gari kwenye theluji, miaka ilikuwa imefanya kazi yake. Kutu ilikuwa imekula kingo zote za chini. Mafundi wa karibu walimpa miadi ya mwaka unaofuata. Alisema hana uhakika kama mwaka unaofuata ataruhusiwa kuendesha, maana macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nikamwambia namjua fundi.

Fundi huyo ni Mkongomani wa Bukavu. Tulikuwa majirani nilipoishi Columbus, kabla hajahamia Louisville na kufungua kibanda chake cha kunyoosha bodi na kupiga rangi huko South End, nyuma ya duka la vyakula la ndugu yake. Ni mtu mpole, na mikono yake haina haraka. Gari likapakiwa kwenye trela, likaenda. Maagizo ya mzee yalikuwa mafupi: kutu iondolewe, kingo zipigwe rangi ifanane na ile iliyopauka, na milango isiguswe. Kwa fundi nilisema milango ifutwe vumbi tu. Habari za ua sikumsimulia. Sikuona sababu.

Wiki chache baadaye nilikuwa Columbus kwenye harusi ya mpwa wangu. Niko jikoni, masufuria yanagongana, nyimbo zinapigwa ukumbini, simu ikaita.

“Dada, kazi iko karibu kuisha,” fundi akasema. “Bon, ile ya ku mlango, niifanye namna gani?”

Nikajua ameshaufuta mlango na anataka kuung'arisha zaidi. Namfahamu, hawezi kuacha kitu.

“Ya mlangoni itoshe hapo hapo, kaka,” nikamwambia.

“Itoshe?”

“Itoshe.”

“Bon. Nimesikia.”

Nikarudi kwenye pilau.

Kesho yake niliendesha hadi Louisville. Gari lilikuwa limetulia mbele ya kibanda, na kwa mara ya kwanza nikakiri moyoni kwamba ni zuri. Kingo zilikuwa nzima. Huwezi kujua rangi mpya inaanzia wapi. Nikazunguka upande wa dereva. Ua halikuwepo.

Nilimuuliza liko wapi. Akashangaa.

“Dada, ulisema itoshe. Njo maana nikaitosha.”

Nilisimama pale mpaka maana ikanifikia. Kwetu, kitu kikitosha, basi, kiache. Kwao Kivu, kutosha ni kutoa. Miaka yote ya Columbus nilimsikia akiwaambia wanawe watoshe viatu mlangoni, tukacheka. Sasa sikucheka. Nilikuwa na hasira, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilipomweleza ua lile lilikuwa la nani, aliketi juu ya ndoo ya rangi akashika kichwa.

“Nililitosha polepole,” akasema, “na kiwembe na mafuta, juu nisiumize rangi ya chini. Donc, angalia.”

Akanivuta nisimame kando, jua linapopiga mlango kwa ubavu. Pale ua lilipokuwa, buluu ilikuwa haijapauka. Jua la miaka yote halikuwahi kufika. Ua lilionekana, petali tano, moja kubwa, lenye buluu iliyokolea kidogo kuliko mlango. Na katikati yake ulipita mkwaruzo mrefu, wa funguo labda, kutoka petali hadi petali.

“Ule nao niliuacha,” akasema. “Hukuniambia kitu juu yake.”

Nikamuuliza kile kivuli kitadumu muda gani. Akasema jua litakisawazisha na mlango wote. Kiangazi kimoja, viwili.

Nilimwambia mzee kabla gari halijafika, kwenye ngazi za baraza yake. Nilimweleza neno lenyewe, maana zote mbili, nikasikia jinsi lilivyo jambo la kipuuzi likisemwa kwa Kiingereza. Alilirudia neno mara moja, vibaya. Kisha akasema ahsante kwa kumwambia, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku zilizofuata hakuonekana uani, na nyasi zake, ambazo huwa hazipiti kifundo cha mguu, zilirefuka.

Trela ilipofika alitoka. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango, akainama, akaukaribia kabisa kwa sababu ya macho yake. Kivuli cha ua alikiona taratibu. Mkwaruzo aliuona upesi zaidi. Akaupitishia kidole, mwanzo hadi mwisho, akarudia.

“Alilikwaruza,” akasema.

Nikainama kando yake kuutazama.

“Aliniambia ni zawadi. Alilikwaruza gari langu, akachora ua juu yake, na mimi nikampeleka kula hotelini kumshukuru.”

Akaanza kucheka, na hakucheka kwa muda mrefu. Akageuka akatazama barabarani, nami nikatazama huko huko ingawa hapakuwa na kitu. Nilimwambia fundi yuko tayari kuja mwenyewe, kuziba mkwaruzo na kulichora ua upya bila malipo. Akasema hapana. Akauliza lile nililouliza mimi, jua litachukua muda gani. Nikamjibu kama nilivyojibiwa.

Kwa miaka yote gari lile lilikuwa likiegeshwa pua ikitazama gereji, upande wa dereva ukiwa kwenye jua na kwenye macho ya mtaa. Jioni ile mzee alilitoa hadi barabarani akaligeuza, ili alirudishe kinyumenyume na mlango ule ukae upande wa ukuta wa nyumba, kwenye kivuli. Hakuona vizuri nyuma. Nikaenda kusimama karibu na gereji kumwongoza, mkono juu, njoo, njoo, kushoto kidogo. Bampa ilipobakiza shubiri moja kugusa gereji, neno likanitoka lenyewe, kwa Kiswahili, kama ninavyomsimamisha mtu yeyote.

“Tosha.”

Akakanyaga breki. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Akatoa kichwa nje.

“Ya kwenu,” akauliza, “au ya Louisville?”

“Ya kwetu,” nikamwambia. Akazima gari.