Penseli ya Kijani ya Mzee Lampi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Haralampi Mutafov ni penseli mbili zilizofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza yake, moja ya kijani na moja nyekundu. Ya kijani ilikuwa imebaki kipande kifupi kama kidole gumba. Nyekundu ilikuwa ndefu, safi, haijawahi kuchongwa hata mara moja. Nilipoajiriwa ofisini kwake nilikuwa nimemaliza chuo wiki mbili tu, na kwa heshima ya kijinga niliyotoka nayo darasani nilidhani mtu anayefunga penseli zake kwa uzi lazima awe mtu makini. Baadaye nikajua alizifunga kwa sababu aliamini kila mtu ofisini ni mwizi.

Kampuni yetu ina maghala matatu ya nafaka bandarini Silistra, ukingoni mwa Danubi, na mizani moja ya malori. Lori likipanda mizani, seva huandika uzito wake na kamera hulipiga picha nne. Mzee Lampi, kama tulivyomwita, alikuwa mtunzaji wa seva hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Cheo chake kilikuwa kirefu, naye alikiandika chote hata kwenye kikombe chake cha kahawa. Funguo za chumba cha seva alizining'iniza kiunoni kwa mnyororo, na ukimsikia anakuja ungedhani farasi wa mkokoteni ameingia ofisini.

Kazi yake kubwa ilikuwa ripoti ya Jumatatu. Saa tatu asubuhi alichapa karatasi yenye duara la kuonyesha nafasi ya diski, na kwa kuwa mashine yetu haina rangi, sehemu iliyojaa aliiacha nyeupe na sehemu iliyo wazi akaipaka kijani kwa mkono; nyekundu ilikuwa ya siku nafasi itakapokaribia kuisha. Aliipaka taratibu, ncha ya ulimi ikiwa nje, makombo ya banitsa, yale maandazi ya jibini tunayokula asubuhi, yakidondokea kwenye kibodi. Alimaliza saa nne na nusu. Kisha alijifuta vidole kwenye suruali na kuipeleka karatasi kwa mkurugenzi, Bi Karadzhova.

"Asilimia arobaini na moja iko wazi, mama mkurugenzi."

"Kijani ni kijani. Endelea hivyo hivyo, Mzee Lampi."

Mazungumzo hayo niliyasikia Jumatatu nane mfululizo, bila neno kubadilika. Bi Karadzhova alisaini bila kuisoma, kwa sababu aliamini kwamba mkurugenzi akianza kusoma atakuwa karani.

Mwezi wa saba, wiki ya ngano, seva ilisimama. Ilikuwa mchana kweupe, malori thelathini na mawili yamepanga foleni mpaka barabara kuu, na madereva wameshuka kuja kuuliza, kila mmoja kwa matusi yake. Stoyka, mama wa mizani, ambaye hutukana kwa lugha mbili kwa sababu ng'ambo ya mto ni Romania, aliandika uzito kwa kalamu ya wino juu ya makatoni. Kwenye kioo cha seva palikuwa na maneno machache yasiyohitaji shahada: hakuna nafasi kwenye diski.

Mzee Lampi aliyatazama maneno hayo kama mtu aliyetukanwa na mbwa wake mwenyewe.

"Seva inadanganya," alisema. "Ripoti ni ya juzi tu. Asilimia arobaini na moja."

Akafuta picha za malori ya miaka ya nyuma, bila kujua kwa nini hilo lilisaidia, akazima, akawasha, na seva ikaamka. Akasema lilikuwa joto. Bi Karadzhova alimpa boksi la chokoleti kwa kazi nzuri. Mzee Lampi akalifungia kabatini.

Siku ya pili nilikwenda mezani kwake.

"Mzee Lampi, hii asilimia arobaini na moja huwa unaitoa wapi?"

"Kwenye hifadhidata, binti. Kwani nyie chuoni mlikuwa mnaitoa sokoni?"

"Na diski yenyewe inasemaje?"

"Diski haina mdomo."

"Nimeiuliza. Imebakiwa na asilimia mbili."

Alivua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena ikiwa chafu kuliko mwanzo. "Mtu akiwa na saa mbili zinazopishana," alisema, "anafuata ile aliyoizoea."

Hili si jambo gumu, ndiyo maana linaudhi. Hifadhidata hukaa ndani ya faili moja kubwa, na faili letu lilikuwa limeshachukua karibu diski nzima. Ndani ya faili mlikuwa na nafasi kweli, hiyo asilimia arobaini na moja, lakini ni nafasi ya kuandika rekodi za mizani tu. Picha za malori hukaa nje ya faili. Hata daftari ambamo seva huandika kila badiliko kabla ya kulitekeleza hukaa nje. Vyote hivyo vilikuwa vinagombania mabaki ya diski, gigabaiti thelathini na nane kati ya elfu mbili. Mzee Lampi alikuwa anaulizwa habari za diski na anajibu habari za faili, miaka kumi na mmoja, kwa penseli.

Nililichora jambo hili kwenye karatasi wakati wa chakula cha mchana. Stoyka alilielewa kabla hajamaliza bakuli lake la supu baridi ya maziwa mgando na matango.

"Ngoja," alisema. "Ghala limejaa magunia mpaka darini. Karibu nusu ya magunia ni matupu, lakini yamesimama, yamekula nafasi. Mwenye ghala anapima utupu ulio ndani ya magunia, kisha anatangaza ghala lina nafasi, leteni mzigo."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama Stoyka."

"Na huyu bwana amefanya kazi maghalani miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na hajawahi kuliona gunia." Akachovya mkate. "Afadhali asiyejua akanyamaza. Huyu asiyejua anapaka rangi."

Mzee Lampi alikuwa meza ya tatu. Masikio yake yaligeuka rangi ya ile penseli asiyoitumia.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, Jumatatu, niliingia naye kwa mkurugenzi, nikiwa na karatasi yenye namba mbili, ya faili na ya diski, moja chini ya nyingine. Nilieleza kwamba dawa ni diski ya pili kwa ajili ya picha na daftari, na kwamba inafaa ifungwe kabla alizeti haijaanza kuingia, kwa kuwa alizeti huleta malori mara mbili ya ngano.

Bi Karadzhova aliigeuza karatasi yangu huku na huku. "Hii ina rangi gani?"

"Haina rangi, mama mkurugenzi. Ni namba mbili."

"Mimi sina muda wa namba mbili."

Hapo ndipo Mzee Lampi alipojitia kitanzi, na hakuna aliyemsukuma. Alisimama, akavuta mnyororo wake.

"Diski ya nini? Nafasi naitengeneza mwenyewe. Nafuta rekodi zote za mizani za kuanzia mwaka elfu mbili na kumi na mbili hadi kumi na nane, nakala zake zipo kwenye kanda. Ijumaa saa nne asubuhi nafasi ya diski itakuwa imeongezeka gigabaiti mia mbili. Zisipoongezeka, funguo hizi naziweka mezani, na huyu binti atazivaa."

"Mzee, ukifuta mistari ya rekodi, faili halipungui," nilisema. "Unaongeza magunia matupu tu. Na kila mstari unaofutwa huandikwa kwanza kwenye lile daftari, kwa hiyo diski itazidi kubanwa."

"Kufuta ni kupunguza. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Wa chekechea, ndiyo," nilisema.

Bi Karadzhova alipenda jambo hilo kuliko ripoti zote, kwa sababu halikuhitaji kusomwa. Akaamua. Gigabaiti mia mbili zikipatikana, hakuna diski itakayonunuliwa, na hataki kusikia tena neno gunia. Zisipopatikana, anasaini diski Ijumaa hiyo hiyo na Mzee Lampi anakabidhi funguo. Alizeti inaanza Jumatatu.

Kwetu, mtu akianza jambo kubwa, bibi harusi akitoka kwao au mwanafunzi akienda kwenye mtihani, humwagiwa maji mbele ya miguu ili mambo yake yaende kama maji. Ni desturi nzuri na ina mahali pake. Alhamisi asubuhi Mzee Lampi alimwita Ginka, katibu wa mkurugenzi, aje na jagi kwenye kizingiti cha chumba cha seva.

"Mimina, mwanangu. Yote."

"Yote, Mzee? Humo ndani si kuna umeme?"

"Desturi haijui umeme."

Ginka akamimina. Sakafu yetu imeinamia ndani, jambo ambalo mtu aliyeingia chumba hicho kwa miaka kumi na mmoja angetarajiwa kulijua. Maji yalipita chini ya mlango yakielekea kwenye nyaya. Mzee Lampi akavua koti, akapiga magoti na kuyafukuza kwa koti hilo, huku akinong'ona majina ya watakatifu. Stoyka alikuwa amekuja kuchukua karatasi za mizani. Akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mambo yameshaanza kutiririka, Mzee Lampi."

"Nenda kwenye mizani yako, mwanamke."

"Naenda. Nawe angalia usizame."

Alijifuta magoti, akaandika amri ya kufuta na kubonyeza kitufe kwa kidole kimoja, kama anayepiga kinanda kanisani. Kisha akaifunika kompyuta nyingine, ile inayoonyesha diski, kwa kitambaa cha meza, akasema haifunuliwi mpaka saa nne ya Ijumaa. Mtu mwenye hakika na namba haifuniki.

Leo ni Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi. Chumba cha seva kimejaa watu na bado kinanuka sufu iliyolowa. Bi Karadzhova ameletewa kiti na amevaa viatu vyeupe. Ginka ameshika boksi la chokoleti, lile lile la mwezi wa saba. Mzee Lampi amelitoa kabatini ili awagawie watu akishinda, kwani mwenye furaha kwetu ndiye anayekirimu. Meza yake imehamishiwa humu pamoja na penseli zake, na funguo ziko juu yake na mnyororo wake, amezilaza vizuri kama medali. Kwenye kioo chake mistari iliyobaki kufutwa ni asilimia nne. Kila namba inaposhuka anatugeukia na kutikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye anayeishusha.

Stoyka ameacha lori juu ya mizani, dereva anapiga honi nje. Ametia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kichongeo kidogo cha chuma, akakiweka mezani pembeni ya ile penseli nyekundu.

"Hicho cha nini?" Mzee Lampi ameuliza.

"Cha kuchongea."

Mzee Lampi amekifunika kwa kiganja, lakini hajakirudisha.

Asilimia mbili. Ginka, aliyedokoa chokoleti moja, ameacha kutafuna. Asilimia moja. Bi Karadzhova amesogeza kiti mbele, na Mzee Lampi ameshika pembe ya kile kitambaa kwa vidole viwili.