Mteja Wangu Alikwama Dirishani Akinikimbia

Mteja wangu alikwama kwenye dirisha la choo akijaribu kunikimbia.

Sitanii. Nusu yake ilikuwa nje, nusu ilikuwa ndani, na ile ya ndani ndiyo niliyoikuta mimi.

Niliingia choo cha jimu kunawa mikono tu. Nikaona makalio yananing'inia juu ya sinki, miguu inapiga hewa kama mtu anayeogelea.

Sikuhitaji kuona sura. Makalio yale nayajua. Nimeyajenga mimi, skwati baada ya skwati. Siku ya kwanza yalikuja bapa kama bahasha.

"Kinyozi," nikaita.

Miguu ikatulia.

"Naam, kocha." Sauti ilitokea upande wa pili wa ukuta.

"Unafanya nini huko?"

"Nilikuja kuchukua viatu vyangu. Nikaona nipunge upepo kidogo."

"Kwa dirisha la choo?"

"Upepo haubagui, kocha."

Nikashika kiuno. Naye angeshika chake, ila kilikuwa kimebanwa na fremu.

"Nisaidie basi. Mbavu zinaniisha."

"Nikuvute uingie, au nikusukume utoke?"

Mguu mmoja ukakuna mwingine, kama wa mtu anayepima maneno.

"Nisukume."

Jamani! Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini hilo neno moja liliniingia hadi kwenye uboho.

Nikamsukuma. Kikasikika kishindo, halafu "uwii", halafu vumbi.

"Unanikimbia kwa kosa gani?" nikapaza sauti kupitia dirishani.

"Siruhusiwi kusema! Tumekubaliana!"

"Mmekubaliana wewe na nani?"

Alishatimua mbio. Na alikimbia vizuri, magoti juu, viwiko karibu na mbavu, kama nilivyomfundisha. Nikabaki nimesimama pale nimejaa hasira na fahari kwa wakati mmoja, kitu ambacho sikupendekezei.

Ngoja nikueleze mimi ni nani, ili usije ukadhani ni kocha wa mchezo mchezo.

Cheti sina. Nimejifunza kwa kubeba saruji, kusoma vitabu vilivyokosa jalada, na kuwatazama wenye vyeti wakikosea. Mwili wa binadamu naujua. Na dhuluma naijua zaidi.

Pale jimu nina kona yangu, nyuma kabisa, jirani na stoo. Bosi alipoondoa feni ya kona yetu akaipeleka ofisini kwake, nilikuwepo. Nakumbuka hadi shati alilovaa: la mistari, kifungo cha tatu kimelegea. Alipoanza kutia maji kwenye sabuni ya kuogea, nilikuwepo. Alipomnunulia Kioo kioo kipya cha ukuta mzima, nilikuwepo, na nilisema.

Kioo ni kocha mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kumfundisha mtu akiwa anamtazama. Anajitazama yeye.

Sasa hayo yote ningeyasemea wapi? Nikawa nawasemea wateja wangu wakiwa kwenye ubao. Unaujua ubao? Unalala kifudifudi, unajinyanyua kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo lisiguse sakafu. Ni mkao mzuri sana kwa elimu ya uraia. Mtu aliye kwenye ubao hakatizi mazungumzo.

"Kidole kimoja hakivunji chawa!" nawaambia, huku jasho linawatiririka hadi puani. "Mkionewa, msikimbie. Gomeni!"

"Mmmf," wanajibu.

Mimi nilidhani wanaitikia.

Basi wiki ile, Jumatatu, hakuja mtu. Hata mmoja.

Si Kinyozi. Si Mpika Keki, mama mwenye duka la keki mtaa wa pili, mteja wangu wa siku nyingi. Si Mzee Karani, aliyestaafu mahakamani na bado anavaa tai akija kunyanyua vyuma. Na wale wengine wote nao, kimya.

Kila mmoja alinitumia ujumbe. Na ujumbe ulikuwa mmoja, neno kwa neno: "Kocha, nimepata dharura isiyoelezeka."

Dharura gani hiyo inayowapata watu wote kwa maneno yale yale?

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano ndiyo ile ya dirisha. Kabla sijakausha mikono, Bosi akaniita.

"Kona yako imeota ukungu," akasema, feni yetu ikimpepea mashavu. "Ijumaa jioni ikiwa tupu, nampa Kioo. Na wewe utatafuta pa kwenda kuhutubia."

Sikucheka. Ile kona ndiyo kazi yangu. Nyumbani kwangu wanakula kwa sababu ya ile kona. Nikiikosa ile, narudi kwenye saruji, na mgongo wangu wa leo si ule wa zamani.

Nikamfuata Kioo. Alikuwa anajisalimia.

"Umeniibia wateja!"

Hakugeuka. Akaniangalia kwa kupitia kioo. "Wateja hawaibwi, kaka. Wanaokotwa."

Ningemrushia chuma. Namshukuru Mungu kilichokuwa karibu kilikuwa kizito.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu kila kitu: Bosi, Kioo, dirisha, makalio. Akaendelea kukunja nguo.

"Na wewe uliwauliza?" akasema.

"Niwaulize nini?"

Akanitazama, akatazama soksi aliyoshika, akarudi kwenye kukunja. "Basi, baba. Lala."

Wanawake huwa wanasema "basi" kana kwamba wamemaliza kueleza.

Alhamisi mchana nikaenda duka la Mpika Keki, kimyakimya, kofia usoni. Nilitaka nimfume Kioo akiwa na wateja wangu, ushahidi uwe mkononi.

Dukani hakukuwa na mtu. Lakini kutoka jikoni, nyuma ya pazia, nikasikia sauti. Sauti nyingi.

Nikajificha nyuma ya keki ya harusi ya maonyesho, ile ya ghorofa, ambayo ndani ni maboksi matupu na nje ni sukari. Nikatega sikio.

"Ndugu wajumbe," ilikuwa sauti ya Mzee Karani, "tumezeni kwanza, ndipo tupige kura."

Watu wakameza.

"Dhalimu yule amezidi!" Huyo Kinyozi. "Ametugeuza punda!"

"Tena punda anapumzishwa!" Mpika Keki akadakia.

"Kidole kimoja?" akaita Mzee Karani.

"Hakivunji chawa!" wakaitikia wote.

Ndugu msomaji, machozi yalinitoka. Miaka yote ile nilidhani napanda mbegu kwenye mwamba, kumbe imeota! Watu wangu walikuwa wanampangia Bosi mgomo. Na hawakuniambia ili kunilinda, nisije nikafukuzwa kazi. Wema ulioje!

Sikuweza kujizuia. Nikachomoka, keki ya maboksi ikaporomoka nyuma yangu ghorofa moja moja, nikalipenya pazia ngumi juu.

"Ndugu zangu! Dhalimu lazima ang'oke!"

Kipande cha keki kikamdondoka Kinyozi mdomoni.

Wengine wakaficha sahani nyuma ya migongo.

Mzee Karani akanyoosha tai yake, akakohoa kwa adabu.

"Kijana," akasema. "Dhalimu ni wewe."

Nilicheka. Nikangoja na wao wacheke. Nikaendelea kungoja.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi ninayewapigania?"

"Wewe unayetupigania juu ya migongo yetu," akasema Mpika Keki. "Kaa chini, kocha. Au leo wewe ndiye ushike ubao?"

Nikakaa juu ya gunia la unga.

"Haya, madai yenu yako wapi? Leteni karatasi," nikasema kwa ukali, maana hata ukikalia unga heshima haitakiwi kupungua.

"Karatasi huchanwa," akasema Kinyozi. "Ulitufundisha wewe. Tumeyakariri."

Wakasimama mmoja mmoja. Wamenyooka, kifua mbele, mabega nyuma. Mkao safi kabisa. Nilitamani kuwasifia.

Kinyozi akaanza. "Ukisema 'ya mwisho', iwe ya mwisho! Unasema ya mwisho, nafanya. Unasema ya mwisho kabisa, nafanya. Halafu inakuja ya mwisho ya heshima, ya mwisho ya kumkomoa Bosi. Kocha, siku hizi hata mteja wa saluni akiniambia amefika mwisho wa foleni, simwamini!"

"Ile ni mbinu ya kuwapa moyo," nikasema.

"Ni uongo," akasema Mzee Karani. "Nimeuandika mahakamani maisha yangu yote, naufahamu."

Akaja Mpika Keki. Yeye hakupaza sauti, na ndiyo maana niliogopa.

"Mimi naoka keki. Kuonja ni kazi yangu. Lakini nilikula kipande harusini kwa mdogo wangu, na tangu siku hiyo kila nikichuchumaa unanikumbusha. 'Chuchumaa, hicho ni kile kipande!' Kocha, harusi yenyewe imeshavunjika. Bwana harusi keshaoa kwingine. Kipande changu bado unacho!"

Jikoni kukalipuka kicheko. Nami nusura nicheke, nikajibana.

"Sasa swali," akasema Mzee Karani. "Wewe una kumbukumbu kubwa. Feni ilipoondolewa, Bosi alivaa shati gani?"

"La mistari. Kifungo cha tatu kimelegea."

"Vizuri. Na mimi linaniuma goti gani?"

Nikatazama magoti yake. Nikatazama dari. Jasho likaanza.

"La kushoto."

"Magoti yangu ni mazima yote mawili. Linaniuma bega."

Mpika Keki akanisogezea maji.

"Mngeniambia!" nikafoka, maji mkononi. "Si mna midomo?"

"Tukuambie lini?" Kinyozi akaruka. "Muda wote tuko kwenye ubao, meno tumekaza! Tunasema 'mmmf', wewe unasema 'safi kabisa, mwamko huo!'"

Hapo hasira zangu zikatafuta mtu mwingine. "Sawa. Basi kwa nini hamkuhamia kwa Kioo? Si ana kioo, feni ya upande wake haijaguswa, hana hotuba?"

Wakatazamana kama nimewaambia wakaibe sadaka.

"Alikuja hapa," akasema Mpika Keki. "Alikuja na maneno matamu na manukato. Nikamwonyesha mlango."

"Lakini kwa nini?"

"Anayehama hagomi, kocha. Sisi tumegoma. Mtu anagomea kitu anachotaka kurudi nacho."

Nikajifuta unga, kumbe najipaka.

Tukajadiliana hadi keki ikaisha. Msidhani nilikubali kila kitu, mimi si wa kupelekwa pelekwa. "Ya mwisho" nikaikubali. Harusi nikaizika. Bega la Mzee nikalikamata palepale, nikaligeuza taratibu, nikaona linapokwamia. Hotuba nilizipigania kwa jino na ukucha, tukafikia muafaka: nitazitoa wakati wa kunyoosha viungo, watu wamekaa, na anayetaka kubisha anaruhusiwa kubisha.

Ijumaa jioni Bosi alikuwa kwenye kona yangu na Kioo, wanapima ukuta kwa futi.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wote, Mzee Karani mbele na tai yake.

"Mtupishe," akamwambia Bosi. "Hapa pana kazi."

Bosi akasogea. Kioo akabaki ameshika futi kama aliyepotezana na msafara.

Nikaanza na skwati. Tulipofika mwisho nikasema, "Ya mwisho."

Wakashuka. Wakapanda. Wakaganda, wananitolea macho, wanangoja nisaliti.

"Nimesema ya mwisho. Pumzikeni."

Hakuna aliyeamini. Kinyozi akajigusa mapaja, kama mtu anayehakikisha bado yapo.

Halafu Mpika Keki, peke yake, bila kuambiwa na mtu, akashuka tena chini kabisa, akapanda.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Nikageukia ukutani nikajifanya napanga vyuma.

Baadaye Bosi akanivuta pembeni. Nikajua ananifukuza. Nikakunja ngumi, nikapanga na la kusema kuhusu sabuni.

"Hao watu umewapa nini?" akanong'ona. "Wa Kioo wanapukutika. Kila mwezi anaingiza wapya, wa zamani hawaonekani. Nikiwapigia simu kuwauliza tatizo, wote wananijibu 'hakuna shida, Bosi, kila kitu kizuri'. Hakuna anayelalamika hata mmoja!"

Nikamtazama Kioo. Alikuwa anamhesabia mama mmoja mpya, macho yake kwenye misuli yake mwenyewe. Yule mama aliinua mkono kuuliza jambo. Akaushusha. Akatabasamu.

Huyo tayari ameondoka, nikajisemea. Mwili tu ndio uliobaki kumalizia muda.

Makocha wenzangu, mnaoshinda mkituma meseji za "tumekukosa" na punguzo la bei, sikilizeni, sitarudia. Mteja anayekufokea amepanga kuja kesho, la sivyo angekufokea kwa faida ya nani? Wa kuogopa ni yule anayekuambia "hakuna shida" huku anafunga kamba za viatu. Huyo mfuate hadi mlangoni, mwombe akutukane kidogo.

Wangu wananitukana kila Ijumaa, kwa zamu, Mzee Karani akiwa mwenyekiti. Juzi wamepitisha kwa kauli moja kwamba nipunguze kula vitunguu.

Nimepinga. Kesi bado inaendelea, na wote wamehudhuria.