Karoti za Mbaluka

Jirani yangu Mbaluka alikuwa mchonga mawe hapa Kitengela, na hakuna mtu niliyempenda huku akinikera kama yeye. Alivuta sigara tangu ujana. Mkewe, Nzisa, alikuwa amemzika kaka yake kwa kansa ya mapafu, na kila Mbaluka alipokohoa, mama wa watu alikosa raha.

Mwaka wa 1997, kwenye semina ya akina mama kanisani, Nzisa alisikia kwamba wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapatwi sana na kansa hiyo. Basi! Akapanda karoti nyuma ya nyumba, katika udongo wetu huu mweusi unaopasuka kiangazi, akizimwagilia maji ya kununua kwa mwenye punda. Karoti zikaingia kwenye mchuzi, kwenye githeri, hata kwenye mfuko wa koti la kazi.

Mbaluka akaona amepewa ruhusa. Alitafuna karoti, akawasha sigara.

"Mama Musila, niko na dawa tumboni. Hii moshi itafanya nini?"

Nzisa akamwagiza mwanawe Musila, aliyefanya kazi Nairobi, alete vidonge vya vitamini ile ya karoti. Akawa anamwekea mumewe kimoja kando ya chai kila asubuhi. Chupa ilipokaribia kwisha, nilimsindikiza Nzisa kliniki kuuliza vingine. Nesi Nyaguthii aliitazama.

"Mzee bado anavuta?"

"Anavuta."

"Basi usimpe tena, mama. Madaktari walijaribu dawa hizi za nguvu kwa watu wa sigara, wakidhani zitawakinga. Wenye walimeza ndio walishikwa na kansa zaidi. Karoti ya shamba ni chakula, haina shida. Lakini haiwezi kufuta sigara."

Habari ya karoti ya shamba haikumwingia Nzisa. Tulipofika nyumbani alipiga magoti shambani na nguo zake za kutokea, akang'oa kila karoti, nami namsihi aache. Mbaluka akatukuta hapo.

"Ni mimi nilikuwa nakuua, Baba Musila," Nzisa akamwambia. "Kila asubuhi, na mkono yangu."

Nikamweleza Mbaluka maneno ya nesi. Alichuchumaa, akatoa pakiti yake ya sigara mfukoni, akaitia kwenye shimo la karoti na kulifukia. Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia.

Hakuacha kirahisi. Alinuna, aligombana hata na kuku. Lakini aliacha, na karoti zikapandwa tena. Hakuna aliyemwahidi kwamba mapafu yake yamesahau ule moshi.

Hadi leo, miaka mingi baadaye, akirudi jioni huinama mlangoni, Nzisa akasogeza uso karibu na mdomo wake ndipo ampishe. Juzi nikamtania Nzisa: bado anamshuku mzee wa watu?

"Sigara nilisahau zamani," akanijibu. "Nasikiliza tu vile anapumua."